Saini ya mkono iwe picha safi ya kuweka kwenye nyaraka: kisanduku cha kijivu na kingo zenye meno vinatoka wapi?

Kalamu_Bluu

Wakuu, salaam. Kuna picha ya saini inayotakiwa kuwekwa kwenye barua na fomu, lakini haikai vizuri. Maelezo yake ni haya: JPEG ya pikseli 240 kwa 90, imekatwa kutoka kwenye picha ya simu. Wino ni wa bluu, karatasi ni ya daftari yenye mistari hafifu ya bluu.

Ikibandikwa kwenye Word inakaa ndani ya kisanduku cha kijivu, na kisanduku hicho kinafunika mstari wa nukta wa pale pa kusaini. "Set Transparent Color" inaondoa kijivu nusunusu tu, yanabaki madoadoa. Ikichapishwa, kingo za wino zina meno kama msumeno.

Je, picha hii inaokoleka au ni kusaini upya? Faili liwe PNG au JPEG, na la ukubwa gani? Na atakayepokea barua anaweza kuichomoa saini akaitumia kwingine?

Mzee_wa_Skana

Saini upya, mkuu. Hesabu inakataa kabla hata hujafungua programu. Saini kwenye barua huwa na upana wa sentimita 5 hivi. Pikseli 240 ukizitandaza kwenye sentimita 5 unapata kama 122 kwa inchi, wakati printa ya kawaida inachapa nukta 600 kwa inchi. Maana yake kila pikseli yako inageuka kuwa kigae cha nukta tano kwa tano, na hayo ndiyo meno unayoyaona. Mstari wa wino wenye upana wa milimita 0.5 unapata pikseli mbili na kidogo. Hapo hakuna cha kusafisha. Ukiskani kwa 600 dpi (nukta 600 kwa inchi) mstari huohuo unapata pikseli 12, na kwa 300 unapata sita. 300 ndiyo sakafu, usishuke hapo.

Kazi kubwa inafanyika kwenye karatasi. Chukua karatasi nyeupe isiyo na mistari, ya kawaida ya printa, na uweke karatasi nyingine mbili tatu chini yake ili kalamu isigonge meza ngumu. Kalamu iwe ya jeli au ya ncha ya nyuzi, ya 0.7 hadi 1.0. Kalamu ya kawaida ya mpira inarukaruka, na kwenye kona inaacha vidonge vya wino. Saini mara kumi hadi kumi na tano kwenye ukurasa mmoja bila haraka, kisha chagua moja. Za mwanzo huwa za kujibana, nzuri huwa zile za katikati, mkono ukishasahau kwamba unapimwa.

Saini kwa ukubwa uleule utakaotumika, au uzidishe kidogo tu. Wengi husaini kubwa ya sentimita 10 wakidhani wanaongeza ubora, kisha wanaipunguza hadi 5. Wino nao unapungua nusu: mstari wa milimita 0.5 unakuwa 0.25, na saini inaonekana kama imechorwa kwa unywele karibu na maandishi ya barua. Ukitaka ukubwa zaidi, ongeza dpi, usiongeze mkono.

Acha wino ukauke dakika chache kabla ya kulaza karatasi kwenye kioo. Kioo kifute kwa kitambaa kikavu, maana kila punje ya vumbi itakuwa nukta nyeusi. Kwenye skana chagua 600 dpi. Kama wino ni mweusi, chagua kijivu. Kama ni wa bluu, chagua rangi, utaona faida yake baadaye. Usichague ile hali ya nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu inaamua kila pikseli iwe wino au iwe karatasi, hakuna ya kati, na kingo laini zinapotea hapohapo. Zima pia kinoleo cha skana, kile kinachojiwasha chenyewe kwenye mipangilio mingi, kwani kinachora ukingo mweupe kuzunguka wino. Hifadhi kama PNG au TIFF. JPEG inagawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukisia kilichomo. Penye mstari mweusi juu ya weupe inakisia vibaya na kunyunyiza madoadoa pembeni. Sehemu ya uchafu unaouona sasa umetokana na hilo.

Dada_Pikseli

Niongeze kwa nini "Set Transparent Color" haitafanya kazi hata ukiwa na skani nzuri. Amri ile inachukua rangi moja kamili na kuifanya wazi. Karatasi haina rangi moja. Ukipima kwa kidodoshi (kifaa cha kusoma rangi ya pikseli, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe) utakuta hapa 238, pale 241, pembeni 229. Kwa hiyo inatoka moja, zinabaki jirani zake. Fimbo ya uchawi na kifutio vina kasoro ya namna hiyohiyo, ila yao iko ukingoni: pikseli za ukingo wa wino si wino kamili wala si karatasi kamili, ni mchanganyiko. Ukizifuta, unapata meno. Ukiziacha, unabaki na utepe mweupe unaoonekana mara tu saini ikikaa juu ya muhuri au juu ya fomu ya rangi.

Njia sahihi si kufuta weupe. Ni kugeuza giza kuwa uzito: pikseli nyeusi kabisa iwe na wino asilimia 100, nyeupe iwe na sifuri, ya kati iwe na kiasi chake. Ukingo unabaki laini popote utakapouweka.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, fanya hivi. Fungua skani, kata saini uliyoichagua na kuiachia nafasi kidogo kila upande. Nenda Colors, kisha Desaturate. Kisha fungua Colors, Levels. Hapo ndipo penye kazi, usipite haraka. Utaona mlima mrefu upande wa kulia, huo ni karatasi, na kilima kidogo kushoto, huo ni wino. Sukuma kishale cheupe kuingia ndani hadi kipite mguu wa kushoto wa ule mlima wa karatasi. Kama karatasi ni 229 hadi 241, weka 215. Kishale cheusi kiweke pale wino ulipojaa, mara nyingi kati ya 50 na 70. Kishale cha katikati kiache 1.00, ukikisogeza utanenepesha au kukondesha mistari na saini haitafanana na ya karatasini.

Baada ya hapo nenda Colors, Color to Alpha, rangi iwe nyeupe. Ukiruka hatua ya Levels, karatasi ya 238 itabaki na uzito wa asilimia 7 hivi: ukungu usioonekana kwenye skrini lakini printa inauchapa kama kivuli chenye umbo la kisanduku. Asilimia kubwa ya malalamiko ya "kisanduku cha kijivu" ni huo ukungu.

Namna ya kuhakiki: weka tabaka jipya chini ya saini, lijaze rangi nyekundu iliyokolea, kuza hadi asilimia 400. Utepe mweupe ukiwepo utauona. Kisha lijaze nyeupe, uangalie ukungu. Kipimo kingine cha haraka zaidi: futa tabaka la majaribio, kisha chagua Image, Crop to Content. Picha ikijibana hadi kugusa wino pande zote nne, ni safi. Ikigoma upande mmoja, kuna punje ya vumbi au ukungu huko. Itafute na uifute kwa kifutio.

Hamisha kama PNG. Kwenye dirisha la kuhamisha ondoa tiki ya data za Exif (taarifa za kamera zinazokaa ndani ya faili la picha), hasa kama picha ilitoka kwenye simu, maana mahali ilipopigwa panaweza kuwa pameandikwa humo.

Kuhusu mistari ya daftari: wino ungekuwa mweusi ingewezekana. Bluu hafifu karibu inapotea ukiangalia chaneli ya bluu peke yake (picha ya rangi ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu), na wino mweusi unabaki mweusi. Kwenye GIMP ni Colors, Components, Extract Component, chagua RGB Blue. Ila wino wako nao ni wa bluu, vyote viwili vitafifia pamoja. Ndiyo maana nakubaliana na Mzee wa Skana.

Saini ya wino wa bluu iliyokaa juu ya muhuri mwekundu ni kisa kingine, na hicho kina dawa. Toa chaneli nyekundu. Humo wino wa bluu unaonekana karibu mweusi, na muhuri unaonekana karibu mweupe kama karatasi, kisha Levels inamaliza masalia. Hata bila muhuri, wino wa bluu una utofauti mkubwa zaidi kwenye chaneli nyekundu kuliko ukiugeuza kijivu cha kawaida. Kwa hiyo kwa wino wa bluu hatua ya Desaturate iache, tumia Extract Component na RGB Red.

Kalamu_Bluu

Asanteni sana. Skana haipo, ipo simu tu. Inatosha?

Mzee_wa_Skana

Inatosha ukidhibiti mwanga. Simu ya leo ina pikseli za kutosha. Kinachoharibu ni kivuli cha mkono na cha simu yenyewe.

Laza karatasi karibu na dirisha mchana, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja, na mwanga utokee ubavuni. Zima taa ya kamera. Taa ile inaweka doa la mwanga katikati na giza pembeni, na wino wa jeli unang'aa na kuwa mweupe pale unapopinda. Simama sentimita 30 hivi juu ya karatasi, vuta mara 2, usiikaribie sana. Ukikaribia, kivuli cha simu kinaingia na umbo linavutika pembeni. Simu iwe sambamba na karatasi. Simu nyingi zina alama mbili za kujumlisha zinazokutana ikiwa sambamba, ziwashe kwenye mipangilio ya kamera. Gusa skrini kwenye wino ili ulenge hapo, kisha ongeza mwangaza kidogo hadi karatasi ianze kuonekana nyeupe, kwa sababu kamera ikiona ukurasa mweupe mtupu hudhani mwanga umezidi na kuufanya kijivu.

Programu za kuskani kwa simu zina hali ya "nyaraka" inayokaza weusi na weupe. Kwa barua ni nzuri, kwa saini inakata mikia myembamba ya herufi. Tumia kamera ya kawaida.

Dada_Pikseli

Na picha ya simu ina tatizo moja ambalo Levels peke yake haiwezi: upande wa dirisha karatasi ni 240, upande wa pili ni 180. Ukisukuma kishale hadi 170 ili kusafisha upande wa giza, utakuwa umekula kingo za wino upande wa mwanga.

Sawazisha kwanza. Nakili tabaka. Tabaka la juu litie ukungu kwa Filters, Blur, Gaussian Blur, pikseli 100 hadi 150, hadi saini iyeyuke kabisa ubaki na mwanga na kivuli tu. Kisha badili hali ya tabaka hilo la juu kuwa Divide. Programu inagawanya kila pikseli kwa mwanga wa mahali pake, na karatasi yote inakuwa nyeupe sawasawa. Unganisha matabaka, halafu ndipo uende Levels. Ukungu ukiwa mdogo mno, tuseme pikseli 15, utaingia na wino wenyewe, na mistari minene itageuka kuwa mitupu katikati, kama mrija.

Chora_Vekta

Mbona mnahangaika na pikseli? Igeuzeni vekta, yaani picha ya mistari ya kihesabu isiyo na pikseli, kwa programu ya Inkscape: Path, Trace Bitmap, kizingiti cha mwangaza 0.5, madoa madogo kuliko pikseli 10 yaondolewe. Unapata faili la vekta la SVG ambalo ukiikuza hadi iwe kubwa kama ukuta haina meno. Word za sasa zinapokea SVG moja kwa moja.

Dada_Pikseli

Kwa nembo, ndiyo. Kwa saini nina shaka. Vekta ya namna hiyo inajua wino na si-wino tu. Pale kalamu ilipopita haraka na wino ukakonda, inaamua ama ujae ama upotee, na kona kali zinakuwa duara. Tokeo linafanana na saini iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi. Saini ya barua haitakuzwa hadi ukuta. Pikseli 1,181 kwa sentimita 5 zinatosha printa yoyote ya ofisini. Vekta itumie kama unachonga muhuri au unapeleka kwa mashine ya kukata.

Amri_Tupu

Kwa mwenye saini nyingi za kusafisha, mfano za wajumbe wa kamati nzima, ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa kuandika amri, inafanya kila kitu kwa mstari mmoja:

`magick saini.png -colorspace Gray -level 24%,84% -negate -colorspace sRGB -background "#14215C" -alpha shape -trim +repage -bordercolor none -border 20 -units PixelsPerInch -density 600 saini-safi.png`

Asilimia 24 na 84 ni zile 60 na 215 za Dada Pikseli zikigawanywa kwa 255. Rangi #14215C ni bluu ya wino. Ukitaka nyeusi andika black. Kwa wino wa bluu badilisha `-colorspace Gray` kuwa `-channel R -separate +channel`. Toleo la zamani linaanza na convert badala ya magick.

Ile density mwishoni si pambo. PNG isiyo na taarifa ya dpi mara nyingi husomwa kama 96 kwa inchi, na pikseli 1,181 zinageuka kuwa sentimita 31. Ndiyo maana saini inaingia kwenye barua ikiwa imejaa ukurasa.

Karani_Mkuu

Niingie kwenye Word na usalama, maana watu huishia kwenye picha safi kisha wakaiharibu hapa.

Word hupunguza ubora wa picha wakati wa kuhifadhi. Kabla ya kubandika, nenda File, Options, Advanced, sehemu ya Image Size and Quality, weka tiki kwenye "Do not compress images in file". Ingiza picha kwa Insert, kisha mpangilio wake uwe "In Front of Text". Hapo inasogea popote na mstari wa nukta unaonekana kupitia katikati ya herufi. Badili ukubwa kwa kuburuta kona, kamwe si ubavu. Na usiikalishe saini juu ya mstari kama glasi kwenye kabati; acha mikia ishuke chini ya mstari milimita mbili tatu, kama mkono unavyofanya.

Sasa hili walifahamu wachache: usikate picha ndani ya Word. Ukiingiza ukurasa mzima wenye saini kumi na mbili, ukakata ibaki moja, zile kumi na moja bado zimo. Faili la docx ni zip. Libadilishe jina mwisho liwe .zip, fungua folda ya word, kisha media, utaikuta picha nzima imelala humo. Kata nje, kwenye GIMP. Kama umeshakata ndani, chagua Compress Pictures na "Delete cropped areas of pictures".

Kuhusu kuchomolewa: ndiyo, inachomoleka. Kutoka docx ni kunakili na kubandika. Kutoka PDF, amri ya pdfimages inaitoa pamoja na ramani yake ya uwazi katika sekunde moja. Kwa hiyo usitume docx yenye saini, hata rasimu. Tuma PDF, na kama waraka ni nyeti geuza ukurasa mzima kuwa picha moja ya 200 au 300 dpi ili saini ichanganyike na maandishi. Mwenye nia bado anaweza kuikata, ila atakata na mstari wa nukta na herufi zilizoguswa. Pia ukurasa huo hautatafutika wala kunakilika maandishi yake, na faili litakuwa zito.

Tofautisha picha ya saini na saini ya kidijitali. Ya pili hutumia cheti na hesabu za siri. Waraka ukiguswa herufi moja baada ya kusainiwa, programu inaonyesha kwamba umebadilishwa. Picha haithibitishi chochote, hata iwe safi vipi. Kama mpokeaji anadai saini ya kidijitali, kazi yote ya hapo juu haimsaidii.

Nyaraka zinazohifadhiwa kwa PDF/A-1, aina ya PDF ya kuhifadhi kumbukumbu kwa muda mrefu, hazikubali uwazi wowote. PDF/A-2 inakubali. Ukiambiwa faili limekataliwa na kosa linataja uwazi, sababu ni hiyo PNG yako.

Kalamu_Bluu

Imekaa vizuri kwenye Word, kisanduku hakipo na kingo ni laini. Lakini PNG hiyohiyo ikipakiwa kwenye fomu ya mtandaoni inatokea kisanduku cheusi tii, saini haionekani kabisa.

Amri_Tupu

Mfumo wa fomu unaigeuza JPEG, na JPEG haina uwazi. Kwenye picha yako wino na utupu vyote vina rangi ileile; tofauti ilikuwa kwenye uzito tu. Uzito ukitupwa, kinabaki kipande cha rangi moja. Weka nakala ya pili yenye weupe wa kweli nyuma yake:

`magick saini-safi.png -background white -flatten -resize 600x -quality 95 saini-nyeupe.jpg`

Kwenye GIMP ni kuweka rangi ya nyuma iwe nyeupe, kisha Image, Flatten Image. Upana wa pikseli 600 unatosha skrini na hautagongana na kikomo cha ukubwa wa faili kwenye fomu nyingi. Ile yenye uwazi ibaki kwa ajili ya barua.